Macho Wazi, Nusu ya Ubongo Imelala: Namna Wanyama Wanavyopata Usingizi

Mbwa aliyejikunja, macho yamefumba na mbavu zikipanda na kushuka taratibu, hahitaji maelezo. Kila amwonaye anajua kwamba amelala. Ugumu unaanza tunapowageukia wanyama wengine. Samaki hana kope, sasa anafumba nini? Kuna ndege wa baharini wanaoweza kukaa angani siku 10 bila kutua, wanajilaza wapi? Pomboo naye lazima apande juu kila baada ya muda kuvuta pumzi, maana akiivuta akiwa chini ya maji atakufa, na hata hivyo hulala kila siku. Ili kuyajibu maswali haya, wanasayansi walilazimika kwanza kukubaliana juu ya jambo linaloonekana jepesi mno hata watu wengi hawajawahi kujiuliza: tutajuaje kwamba mnyama amelala, na si kwamba amepumzika tu, au amezimia, au amejibanza akimvizia mwenzake?

Jibu walilofikia halitegemei macho wala mkao. Mnyama aliyelala hutulia, na huchelewa kuitikia yanayotokea karibu naye, kiasi kwamba sauti au mguso ambao ungemshtua akiwa macho haumfanyi chochote. Hata hivyo akisumbuliwa vya kutosha huamka mara moja, na hapo ndipo anapotofautiana na aliyezimia. Alama ya mwisho, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote, ni deni: mnyama akinyimwa usingizi leo, baadaye atalala muda mrefu zaidi, au atalala usingizi mzito zaidi, ili kufidia alichokosa. Kwa wanyama wenye ubongo unaoweza kupimwa, huongezwa kipimo kingine. Nyaya nyembamba huwekwa kichwani ili kupokea umeme hafifu unaotoka kwenye ubongo, kwa kuwa ubongo ulio macho hutoa mawimbi madogo ya haraka, na ubongo uliozama usingizini hutoa mawimbi makubwa ya polepole.

Tukivishika vipimo hivyo, suala la macho linaondoka mapema. Nyoka wote hawana kope zinazofumba, bali jicho lao limefunikwa na gamba moja angavu, na samaki wengi hawana hata hilo. Hulala macho yakiwa wazi, na anayewatazama hana budi kuangalia utulivu wao na uzito wao wa kuitikia. Mfano bora ni pono, ambaye Waswahili wamemfanya kipimo cha usingizi mzito tangu zamani. Jua likizama, pono hujipenyeza katika ufa wa matumbawe, na baadhi ya aina zake hutoa ute kutoka katika tezi zilizo karibu na mashavu, ute ambao hutoka mdomoni na kuuzunguka mwili wote mpaka samaki amekaa ndani ya mfuko mwororo unaoonyesha. Watafiti waliofanya kazi katika matumbawe ya Australia waliwasukuma pono taratibu nje ya mifuko yao, na samaki hao hawakuamka. Wakalinganisha waliovuliwa mifuko na walioachiwa: karibu wote waliovuliwa walishambuliwa usiku huo na vidudu vinyonya damu, ilhali kati ya waliobaki na mifuko alishambuliwa takribani mmoja kwa kila 10. Kwa hiyo ute ule unafanya kazi ya chandarua, na pono anaweza kulala kwa uzito ule kwa sababu kinga yake haimhitaji awe macho.

Mkao nao haufai kuwa kipimo. Farasi husinzia akiwa amesimama, kwa kuwa mishipa na kano za miguu yake zinaweza kuyafunga magoti yasijikunje bila misuli kutumia nguvu nyingi. Hata hivyo hawezi kuishi kwa kusimama tu. Kuna hatua ya usingizi ambamo misuli hulegea kabisa, na farasi akitaka kuifikia lazima ajilaze chini. Asipopata nafasi ya kujilaza kwa siku nyingi, huanza kuyumba na hata kuanguka. Twiga hukabiliwa na tatizo lilelile akiwa na shingo ndefu ya kuhangaika nayo. Hukunja miguu, akaketi, akaipinda shingo kuelekea nyuma hata kichwa kikaegemea mapaja yake au ardhi iliyo kando yake, na hukaa hivyo dakika chache tu, kwani mnyama mkubwa kiasi hicho hainuki haraka simba akitokea. Popo amelimaliza suala hili kwa njia tofauti kabisa. Anaponing'inia kichwa chini, uzito wa mwili wake mwenyewe huzivuta kano za vidole na kuzifunga, hivyo kushikilia hakumgharimu nguvu. Kinachomgharimu ni kuachia.

Hatari ya kuliwa, iliyomfanya twiga aharakishe, ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya mambo ya ajabu katika usingizi wa wanyama. Aliyelala haoni wala hasikii vizuri, na porini hilo ni jambo la kufa na kupona. Ingekuwa rahisi zaidi kutolala kabisa, lakini hakuna mnyama aliyechunguzwa vizuri ambaye imethibitishwa kwamba halazimiki kulala. Wengine wamepata njia ya katikati: wanalala nusu.

Neno nusu hapa si la kutia chumvi. Ubongo umegawanyika sehemu mbili, ya kulia na ya kushoto, na kwetu sisi binadamu sehemu hizo hulala na kuamka pamoja. Kwa ndege wengi na kwa pomboo, sehemu moja inaweza kuzama katika mawimbi makubwa ya usingizi wakati nyingine iko macho. Kwa kuwa jicho la kulia hupeleka habari zake katika nusu ya kushoto ya ubongo, na la kushoto katika nusu ya kulia, jicho linaloendelea kutumikia nusu iliyo macho hubaki wazi na jingine hufumba. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa bata waliopangwa safu moja. Bata waliokuwa katikati, wakiwa na wenzao pande zote mbili, walilala zaidi kwa ubongo mzima na macho yote mawili yakafumba. Bata waliokuwa pembeni walizidisha usingizi wa nusu, na jicho lililobaki wazi lilikuwa lile linalotazama nje ya safu, ambako adui angeweza kutokea. Walipogeuzwa ili upande wao wa nje uwe ule mwingine, na jicho la zamu lilibadilika. Maana yake ni kwamba bata halali nusu kwa bahati tu. Hupima hatari, kisha huamua kiasi cha ubongo cha kukilaza.

Kwa pomboo sababu ni nyingine. Sisi tunapumua bila kukumbuka, hata tukiwa usingizini, lakini kwa pomboo kila pumzi ni kitendo anachokifanya kwa kukusudia: hupanda, hufungua tundu lililo juu ya kichwa, huvuta hewa, hulifunga, hushuka. Ubongo wote ukilala, hakuna wa kumpandisha. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Umoja wa Kisovieti, wakiongozwa na Lev Mukhametov, walirekodi umeme wa ubongo wa pomboo na kuona nusu mbili zikipokezana, moja ikilala huku nyingine ikisimamia kuogelea na kupumua. Mtoto wa pomboo anapozaliwa mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu bado hana mafuta ya kutosha mwilini ya kumsaidia kuelea na kumkinga na baridi. Basi katika wiki zake za kwanza yeye na mama yake huogelea karibu bila kusimama, mchana na usiku.

Je, inawezekana kulala huku unaruka? Watu walikisia hivyo kwa miaka mingi, wakijua kwamba kuna ndege wanaokaa angani siku nyingi, lakini kukisia si kuthibitisha. Uthibitisho ulichapishwa mwaka 2016. Niels Rattenborg na wenzake walikwenda visiwa vya Galápagos, wakawafunga ndege wakubwa weusi wanaoitwa frigeti vifaa vidogo vya kurekodi ubongo. Frigeti anaishi kwa samaki wa baharini lakini manyoya yake hayazuii maji vizuri, hivyo hawezi kutua juu ya bahari akapumzika kama bata; akishaondoka kisiwani ni lazima aendelee kuruka. Vifaa vilionyesha kwamba hulala kweli, hasa usiku, anapopanda juu akibebwa na hewa inayoinuka na kuzunguka bila kupiga mabawa. Mara nyingi nusu moja ya ubongo ndiyo iliyolala, na jicho lililobaki wazi lilitazama upande ambao ndege alikuwa anakata kona, bila shaka ili asigongane na wenzake. Jambo ambalo wengi hawakulitarajia ni kwamba wakati mwingine nusu zote mbili zililala kwa pamoja, na ndege hakuanguka.

Lakini kilichonivutia zaidi katika utafiti ule ni hesabu ya muda. Angani frigeti alilala kwa wastani wa dakika 42 tu kwa siku. Aliporudi nchi kavu alilala zaidi ya saa 12 kwa siku. Lile deni tulilolitaja mwanzoni linaonekana hapa wazi, ingawa namna ndege huyo anavyomudu kuwinda kwa ustadi akiwa na usingizi kidogo hivyo ni fumbo ambalo bado linachunguzwa.

Sili-tembo wa kaskazini, wanyama wakubwa wa baharini wanaopumua hewa na kuzaliana katika pwani ya California, huishi kwa mpangilio unaofanana na huo, ila wao wako upande wa chini wa bahari. Majike hukaa baharini kwa takribani miezi 7 mfululizo wakitafuta chakula, nao hawana tabia ya kulala wakielea juu, kwani karibu na uso wa maji ndiko papa na nyangumi wauaji wanakowindia. Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Jessica Kendall-Bar ilieleza wanachofanya. Sili huvuta pumzi na kupiga mbizi ya nusu saa hivi. Akishafika chini ya eneo la hatari huacha kuogelea, akawa anateleza tu kuelekea chini huku mawimbi makubwa ya usingizi yakianza kuonekana kwenye kifaa alichovalishwa kichwani. Baadaye kidogo huingia katika ile hatua ambamo misuli hulegea, na hapo mwili wake mzito hupinduka, tumbo juu, akazidi kuzama kwa kuzungukazunguka kama jani linaloanguka kutoka mtini. Penye kina kifupi hufika mpaka sakafu ya bahari na kulala palepale. Kila kipande cha usingizi hakifiki dakika 20, kisha huamka na kupanda kuvuta pumzi. Ukijumlisha vipande vyote unapata saa 2 hivi kwa siku, wakati akiwa ufukweni hulala takribani saa 10.

Vipande vya sili ni virefu tukivilinganisha na vya pengwini wa aina inayoitwa kidevu-mshipi, mwenye mstari mweusi unaopita chini ya kidevu chake. Katika kisiwa cha King George, karibu na Antaktika, ndege hawa hutaga mayai katika makundi makubwa yenye kelele, na mzazi mmoja hubaki akilinda yai au kifaranga dhidi ya ndege wezi na majirani wakorofi wakati mwenzake yuko baharini. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2023 vilionyesha kwamba hulala zaidi ya mara 10,000 kwa siku, kila mara kwa sekunde 4 hivi. Mtu akisinzia hivyo usiku mzima ataamka mgonjwa. Pengwini, kwa kujumlisha sekunde hizo, hupata zaidi ya saa 11 za usingizi kwa siku na anawalea watoto wake vizuri.

Hapa inafaa kutahadharisha kuhusu zile orodha zinazopendwa sana, zinazotaja nani analala saa nyingi na nani saa chache. Takwimu zake nyingi zilitoka kwa wanyama waliofugwa, ambao hawatafuti chakula wala hawaogopi kuliwa. Slothi, mnyama wa mitini wa Amerika ya Kati na Kusini anayesifika kwa uvivu, alipopimwa akiwa kifungoni alionekana kulala karibu saa 16 kwa siku. Mwaka 2008 yakatolewa matokeo ya slothi waliopimwa wakiwa huru katika msitu wa Panama, na wastani ukawa saa 9 na nusu hivi. Sifa ya uvivu imeyumba. Tembo naye alishangaza. Majike wawili wazee waliokuwa wakiongoza makundi yao nchini Botswana waliwekwa kifaa ndani ya mkonga, kwa kuwa tembo aliye macho hauachi mkonga wake utulie, na ikaonekana kwamba walilala takribani saa 2 tu kwa siku, mara nyingi wakiwa wamesimama. Walijilaza chini mara moja tu kwa kila siku tatu au nne, na kuna vipindi ambavyo walikaa hadi saa 46 bila kulala, wakitembea mbali na kile ambacho huenda kilikuwa simba au majangili. Tembo wawili si wengi, na haitakuwa haki kuwasemea tembo wote kwa ajili yao, ila wanatosha kuonyesha kwamba mnyama wa kwenye bustani hawezi kumsemea mwenzake wa porini.

Mpaka sasa tumezungumzia wanyama wenye ubongo mkubwa. Wadudu je? Nyuki aliyelala ndani ya mzinga hutambulika kwa papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani: zikiwa zimesimama yuko macho, na kadiri usingizi unavyomchukua zinainama, miguu inalegea na mwili unashuka. Nyuki anaporudi kutoka kwenye maua huwachezea wenzake ngoma inayowaelekeza upande wa kwenda, na watafiti waliowanyima nyuki usingizi usiku waligundua kwamba kesho yake ngoma hiyo ilipoteza usahihi wake. Mwaka 2000 nzi wadogo wa matunda nao walipimwa wakaonekana kuwa na alama zote za usingizi pamoja na deni lake. Walipopewa kafeini, ile dawa iliyomo ndani ya kahawa, walikaa macho muda mrefu zaidi.

Kisha kuna yavuyavu, au konyeza kama wengine wanavyomwita. Yeye hana ubongo hata kidogo, ana mtandao tu wa neva uliotapakaa mwilini. Aina moja yake, Cassiopea, hukaa kwenye sakafu ya bahari kichwa chini na kudundisha mwili wake bila kukoma. Wanafunzi watatu wa utafiti wa chuo kimoja cha California walihesabu midundo hiyo, wakapata takribani 58 kwa dakika mchana na 39 usiku. Kupungua huko peke yake hakukutosha kuwa ushahidi, kwa hiyo wakampandisha yavuyavu juu ya kijukwaa ndani ya maji, kisha wakakiondoa ghafla. Mchana aliogelea kushuka papo hapo. Usiku alielea kwanza kwa sekunde kadhaa kana kwamba hajaelewa kilichotokea. Mwishowe wakamsumbua usiku kwa kumpulizia maji kila mara, na mchana uliofuata akapunguza midundo kama mtu asiyelala. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017, na tangu hapo imekuwa vigumu kudai kwamba usingizi ni jambo la ubongo peke yake.

Ndoto ni suala gumu zaidi, kwa kuwa mnyama hawezi kutusimulia. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walieleza hatua ya usingizi ambamo macho ya mtu huchezacheza chini ya kope, na watu walioamshwa katika hatua hiyo mara nyingi walisema walikuwa wanaota. Ndiyo hatua ileile inayomlegeza farasi na kumpindua sili-tembo. Pweza ana kitu kinachofanana nayo: akiwa amelala, amepauka na kutulia, kila baada ya muda huanza kubadili rangi na kututumua ngozi, macho na mikono ikitikisika, kwa muda unaokaribia dakika moja, kisha hurudi katika utulivu wake. Mwaka 2022 hali kama hiyo iliripotiwa kwa buibui wadogo warukaji, wanaoning'inia usiku kwenye uzi mmoja. Vichanga vyao vina kichwa kinachopenyeza mwanga, hivyo kamera iliweza kuona sehemu za ndani za macho zikisogea huku na huku, pamoja na miguu kujikunja. Kama huko ndani kuna ndoto ya nzi aliyeponyoka, hakuna awezaye kusema. Kwa panya tuna ushahidi wa karibu zaidi, kwani mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba seli za ubongo zilizowaka kwa mpangilio fulani panya alipokuwa akikimbia njia aliyofunzwa, ziliwaka tena kwa mpangilio uleule alipokuwa usingizini.

Hatua hiyo ya ndoto, kwa njia, haifuati sheria ya deni kwa kila mnyama. Sili wenye manyoya mazito wakiwa baharini hulala nusu ya ubongo na karibu hawaipati kabisa kwa siku nyingi, na wakirudi nchi kavu hawaifidii.

Limebaki jambo moja ambalo watu wengi huliita usingizi, nalo si usingizi. Katika nchi za baridi kali kuna wanyama wanaojichimbia ardhini majira ya baridi yakianza, wakakaa humo miezi kadhaa bila kula. Kamongo wa Afrika hufanya jambo linalokaribiana nalo wakati wa kiangazi, akijifungia ndani ya tope linalokauka. Mwili katika hali hiyo hupunguza kila kitu: moyo hupiga mara chache, na kwa wanyama wenye damu ya joto, joto lenyewe hushuka sana. Kindi wa ardhini wa Aktiki ndiye aliyevuka mipaka yote, kwani mwaka 1989 huko Alaska Brian Barnes aliripoti kwamba joto la mwili wake hushuka hadi nyuzi 2.9 chini ya sifuri bila damu kuganda. Ubongo ulio baridi kiasi hicho hautoi yale mawimbi makubwa ya usingizi, umenyamaza tu. Kila baada ya wiki mbili au tatu kindi huyo hujitetemesha mpaka mwili upate joto lake la kawaida, akakaa hivyo kwa muda usiofika siku nzima, kisha akarudi katika ubaridi. Kupasha mwili moto humtafunia sehemu kubwa ya mafuta aliyoyaweka akiba kwa ajili ya majira yote, na mtu angedhani kwamba anaamka kula au kuzunguka. Vipimo vya ubongo wa kindi wa aina hiyo vinaonyesha kwamba saa nyingi za joto hilo anazitumia kulala, tena kwa mawimbi mazito kama ya mnyama aliyekaa macho muda mrefu.